Habari za Kitabu cha Hisabati cha K. A. Stroud, na Jinsi Kisomwavyo Pembezoni mwa Dar es Salaam

Kitabu tunachotaka kukipima hapa si kitabu kipya. Kilitoka kwanza mwaka 1970 kwa jina la Engineering Mathematics, kikapigwa chapa na Macmillan wa Uingereza. Na mwandishi wake, K. A. Stroud, alikuwa mwalimu katika chuo cha mji wa Coventry. Tangu siku hizo kimerudiwa kupigwa chapa mara nyingi. Katika chapa ya 5 ya mwaka 2001 jina la Dexter Booth liliandikwa pamoja na lake, na chapa ya 8 ilitoka mwaka 2020. Ijapokuwa jina lake lataja uhandisi, kitabu hiki chawafaa pia wanafunzi wa sayansi wa miaka ya kwanza ya chuo kikuu, yaani wale ambao hisabati kwao si mwisho wa safari, bali ni chombo cha kuwafikishia fizikia, kemia, na elimu nyingine za maumbile.

Labda msomaji atauliza, Kitabu cha hisabati kina shughuli gani katika kurasa za lugha na desturi? Jawabu ni kwamba kitabu hiki kiliandikwa ili mtu aweze kujifunza peke yake, pasipo mwalimu mbele yake. Basi kimejitwika kazi ya mwalimu, ndiyo kusema, kuuliza, kungoja na kusahihisha. Na kazi hiyo yote ni kazi ya lugha. Tukitaka kujua kama ni kitabu chema kwa watu wetu, haitoshi kuhakikisha ya kuwa hesabu zake ni sahihi. Yatupasa kuuliza jinsi kinavyosema na mtu, na mtu huyo ni nani.

Tumtazame kwanza mtu huyo. Katika Kinondoni ndiko kuliko makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, ambacho wanafunzi wake husoma wakiwa makwao na makazini mwao. Upande wa kusini wa mji, katika Chang'ombe ya Temeke, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 2005 kimekuwa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yake ni kuwafundisha watakaokuwa waalimu, na wa sayansi na hisabati miongoni mwao. Huko Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale hukaa vijana wengi ambao mchana hufanya kazi, jioni hupanda daladala kurudi nyumbani, na usiku hufungua vitabu. Mtu wa namna hiyo hana mwalimu wa kumwuliza saa nne ya usiku. Mwalimu wake ni kitabu. Kitabu kikimficha jambo, limefichika. Na akisoma vibaya, hakuna wa kumkataza.

Nilipata kumjua mmoja wa watu hao. Ni mwalimu kijana wa shule ya sekondari, tena mwanafunzi wa chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, naye alikuwa akisoma kitabu cha Stroud kwa bidii nyingi. Nilizoea kupumzika jioni katika baraza ya nyumba aliyopanga huko Tandika. Yeye kila mara alinipokea kwa shikamoo, akaniletea kiti, kisha akarudi kwenye daftari lake. Yaliyotokea siku moja barazani hapo nitayasimulia mbele kidogo, kwa maana ndiyo yaliyonifanya niandike habari hizi. Lakini kwanza tueleze jinsi kitabu kilivyo.

Stroud hakukigawa kitabu chake kwa sura ndefu kama vitabu vingine. Amekigawa kwa masomo, na kila somo amelikata vifungu vidogo sana vyenye namba. Kifungu kimoja chaweza kuwa mistari mitano, kingine nusu ya ukurasa. Katika kifungu hueleza jambo moja, halafu huacha nafasi tupu na kumwambia msomaji aijaze mwenyewe. Jibu liko mwanzoni mwa kifungu kifuatacho. Msomaji akipata, hupewa neno la kumtia moyo na kuambiwa aendelee. Akikosa, mara nyingi huonyeshwa hatua alizopaswa kuzipita. Mwisho wa somo kuna muhtasari, kisha jaribio, kisha hesabu nyingi za kufanyia mazoezi, na majibu yake yako nyuma ya kitabu. Njia hii ya hatua ndogo ilienea katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner alipoitangaza pamoja na mashine zake za kufundishia. Mashine zile zimesahauliwa, lakini kitabu cha Stroud kingali kinasomwa.

Wasomaji wetu hawataiona njia hii kuwa ngeni. Katekista yeyote ajua kufundisha kwa maswali na majibu. Na kabla ya katekisimu kufika pwani na bara, watoto wetu walikuwa wakifundishwa hivyo hivyo jioni motoni kwa vitendawili. Mmoja husema, Kitendawili! Wengine hujibu, Tega! Aliyetegewa hana ruhusa ya kunyamaza tu na kusikiliza, hana budi ajibu. Nadhani hiyo ndiyo sababu kijana wa Tandika alikipenda kitabu hiki kuliko vingine alivyokuwa navyo. Vingine vilimhubiria, hiki kilimtegea.

Hapana budi tukisifu kwa mambo matatu. La kwanza, hakimwachi msomaji alale. Mtu aweza kusoma kurasa kumi za kitabu kingine huku akitikisa kichwa kana kwamba ameelewa, na asijue kuwa hakuelewa hata siku ya mtihani. Katika kitabu cha Stroud kutokuelewa hujulikana baada ya mistari mitano. La pili, Kiingereza chake ni chepesi. Sentensi zake ni fupi, wala hapendi maneno makubwa. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, aweza kumfuata bila ya kamusi. La tatu, ni mpole. Hamdharau asiyejua. Waalimu wengi wa hisabati wamewafukuza wanafunzi kwa ulimi kabla hawajafukuzwa na hesabu, na kitabu hiki hakina kosa hilo.

Sasa tuseme kasoro zake. Ya kwanza ni ndogo, nayo yatokana na umbo lake. Jibu liko karibu mno. Katika kitendawili, aliyeshindwa haambiwi jibu papo hapo. Huambiwa, Nipe mji. Naye hutoa mji, na mtegaji huupokea, akajisifu kwanza jinsi alivyokwenda huko na kula na kunywa, ndipo afumbue. Desturi hiyo ni mchezo, lakini ina akili. Aliyeshindwa amekiri mbele ya watu kwamba ameshindwa, na wakati mtegaji anapojisifu, yeye bado anafikiri. Kwa Stroud hakuna mji wa kutoa. Jicho huteleza tu likaona jibu, na moyo husema, Ndivyo nilivyotaka kusema mimi. Msomaji hujidanganya bila ya kutaka. Dawa yake ni rahisi, nami nitaitaja mwisho.

Kasoro ya pili ni kubwa, na ndiyo hasa tunayotaka waalimu waitafakari. Nafasi tupu anazoziacha Stroud ili zijazwe ni za alama na tarakimu karibu zote. Ni mara chache msomaji aulizwapo, Maana ya jambo hili ni nini? Lieleze kwa maneno yako. Basi mkono wafundishwa sana, na ulimi haufundishwi. Aliyemaliza kitabu aweza kufanya mambo mengi asiyoweza kuyasimulia.

Nirudi sasa barazani Tandika. Kijana wetu alikuwa amemaliza somo la milinganyo ya mabadiliko, yaani ile milinganyo ambayo ndani yake hukadiriwa si kitu chenyewe tu bali na wepesi wa kubadilika kwake. Alinionyesha daftari. Milinganyo kumi na zaidi, yote ameifungua kwa njia aliyofundishwa ya kutenga vinavyobadilika, kila kimoja upande wake. Na majibu yote yalikuwa sawasawa na ya nyuma ya kitabu. Uani palikuwa na pipa la maji lenye koki ndogo chini, ambalo jirani yake, mama mmoja afuaye nguo za watu, alikuwa akilitumia. Nikamwambia kijana, "Pipa lile likiwa limejaa, nalo likifunguliwa lachukua saa nzima kwisha, je, nusu saa ikipita litakuwa limebaki na maji kiasi gani?"

Akajibu upesi, "Nusu, Mzee."

Yule mama alisikia, akacheka. Akasema, "Nusu? Wewe hujapata kukinga maji, mwanangu. Likijaa yanabubujika, ndoo inajaa mara moja. Yakifika chini yanachuruzika tu, utakaa hapo mpaka uchoke."

Kijana alinyamaza. Kisha akachukua kalamu, akauandika mlinganyo, akaufungua kwa dakika tatu, akapata jibu la kweli. Nusu ya wakati ikipita, maji yaliyobaki si nusu, ni robo. Robo tatu zimekwisha kutoka.

Tulieleze jambo hili bila ya alama, ili kila mwalimu aweze kulisimulia. Mwitalia Torricelli aliandika mwaka 1644 kwamba mbio za maji yatokayo katika tundu hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu yake. Maana yake, kimo kikiwa mara 4, mbio ni mara 2. Kimo kikiwa mara 9, mbio ni mara 3. Kwa pipa lililonyooka, ikifuatwa kanuni hiyo, mbio za maji hupungua sawasawa kila dakika, hata zinakwisha. Basi nusu ya saa ikipita, mbio zimekuwa nusu. Na mbio zikiwa nusu, kimo hakina budi kuwa robo. Ukitaka kujua pipa litafika nusu lini, ni baada ya dakika 17 na nusu hivi. Na nusu ya pili itachukua dakika 42 na zaidi. Mama wa uani hakuzijua tarakimu hizo, lakini umbo la jambo alilijua. Kijana alizijua njia zote za kupata tarakimu, na umbo la jambo hakulijua.

Ni nani mwenye kosa? Si kijana, maana alifanya yote aliyoambiwa. Wala hatuwezi kumlaumu Stroud peke yake. Msomaji wa Coventry alikifungua kitabu hicho katika lugha ya nyumbani kwake. Kitabu kisipomwuliza maana, maana hujiuliza yenyewe ndani ya kichwa chake, kwa kuwa maneno ya hesabu na maneno ya jikoni kwao ni ya lugha moja. Kwetu sivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania hufundishwa hesabu kwa Kiswahili, naye huzidisha, hugawanya, hutafuta wastani, hupima eneo, yote kwa maneno anayoyajua. Aingiapo kidato cha kwanza maneno hayo yote huwekwa kando, naye huanza upya kwa Kiingereza. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zigeukie Kiswahili, lakini halikutendeka. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango huo tena, na hata sasa sekondari nyingi mno zingali zikifundisha kwa Kiingereza. Hivyo kijana afikapo chuo kikuu ana ghala mbili zisizo na mlango kati yake. Katika moja mna pipa, ndoo, koki na mama afuaye nguo. Katika nyingine mna alama. Kitabu kisichodai maneno hakifungui mlango huo, na laiti kama mlango ungekuwa wazi, asingejibu "nusu".

Hasara yake haiishii kwa mtu mmoja. Kijana huyu ni mwalimu. Kesho yake asubuhi alikuwa akisimama mbele ya watoto wa kidato cha pili, nao walikuwa wakipokea kutoka kwake kile alicho nacho, yaani hatua bila ya maana. Tujuavyo sote, kwa miaka mingi sasa katika mtihani wa kidato cha nne wanaoshindwa hisabati ni wengi kuliko wanaofaulu. Sababu ziko nyingi, wala sisemi kwamba hii ndiyo yote. Lakini ni sababu ambayo mwalimu mwenyewe aweza kuiondoa bila ya kungoja fedha wala sheria.

Hapa yafaa tutazame maneno yenyewe, maana wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Yule mama hakusema tu kwamba maji yanatoka. Alisema yanabubujika, kisha yanachuruzika. Kiswahili kina pia kutiririka na kutona. Kila neno ni kipimo cha wepesi wa maji. Lugha iliyogawa mwendo wa maji kwa namna hiyo imekwisha kuanza kazi ya milinganyo ya mabadiliko, haijapewa alama tu. Na katika sehemu za kitu kizima tuna urithi mzuri, nusu, theluthi, robo, khumsi, sudusi, thumni, ambao wafanya biashara wa pwani waliutumia tangu kale pamoja na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Neno letu sifuri lina asili moja na neno la Kiingereza la zero, maana yote mawili yatoka katika Kiarabu. Aljebra nayo yachukua jina lake katika kitabu cha al-Khwarizmi, aliyekaa Baghdad katika karne ya 9. Basi Waingereza nao waliazima, nao walikuwa na haja ya kufundishwa maana ya walichoazima.

Wala kazi ya kutunga maneno haikuanza leo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikabidhiwa mwaka 1964 kwa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili; na mwaka 1990 taasisi hiyo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini neno likiwa katika kamusi bado halijawa katika kinywa. Tena kutafsiri jina bila ya kufikiri kwaweza kuleta ujinga wa watu wengine katika lugha yetu. Nitatoa mfano mmoja, nao umo katika kitabu cha Stroud.

Katika chapa za kwanza kitabu kilianza moja kwa moja na namba ziitwazo kwa Kiswahili namba changamano. Ndani yake mna kile kipeuo cha pili cha kasoro moja, ambacho Stroud, kama wahandisi wengine, hukiandika kwa herufi j. Descartes, Mfaransa, aliziita namba za jinsi hiyo mwaka 1637 kwa neno lenye maana ya za kuwaziwa tu, zisizo za kweli. Jina hilo limeleta taabu tangu siku ile. Gauss, Mjerumani, aliandika mwaka 1831 ya kuwa kama watu wangaliziita za mbele, za nyuma na za ubavuni, giza lote juu ya jambo hili lingaliondoka. Basi anayetafsiri leo kwa kusema namba za kubuni, amechukua kosa la Descartes akaacha shauri la Gauss. Mwanafunzi asikiaye namba za kubuni hujiuliza, Kama ni za kubuni, mbona umeme wa nyumbani huhesabiwa kwazo?

Stroud mwenyewe hapa amefanya vema. Aonyesha kwa picha kwamba kuzidisha kwa j ni kugeuza mshale robo ya mzunguko, kuelekea kushoto. Lakini asema mara moja, kisha arudi upesi kwenye hesabu. Kijana wa Tandika aliijua kanuni hiyo kwa moyo, na nilipomwuliza kwa nini j mara j ni kasoro moja, alijibu, "Ndivyo kanuni inavyosema." Nikamwambia asimame. Nikatoa amri ambayo kila mtoto wa shule Tanzania aijua tangu mstarini asubuhi, "Kushoto, geuka!" Akageuka. "Kushoto, geuka!" Akageuka tena, akawa ananipa mgongo. Nikamwuliza, "Amri mbili za kushoto geuka ni sawa na amri gani moja?" Akasema, "Nyuma geuka." Kisha akacheka peke yake, maana alikuwa ameona. Moja iliyogeuzwa nyuma ni kasoro moja. Hakuna kilichobuniwa hapo, kuna mtu aliyegeuka mara mbili. Kesho yake aliifanya amri hiyo darasani, ijapokuwa namba hizo hazimo katika masomo ya kidato cha pili, ili watoto waone kwa nini kasoro mara kasoro ni jumlisho. Nyuma geuka mara mbili, nawe watazama mbele.

Wako watakaopinga. Watasema, Elimu ya hisabati ni ya dunia nzima, na vitabu vyake, majarida yake na mitihani yake ni kwa Kiingereza; ukimrudisha kijana kwenye Kiswahili wamfungia mlango. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Sisemi kitabu hiki kitupwe, wala kwamba kitafsiriwe chote kabla ya mtu kukisoma. Kazi hiyo yataka watu wengi na miaka mingi, na aliyeko Tandika ana mtihani mwaka huu. Nasema kwamba kusoma kwa lugha moja na kueleza kwa nyingine si kurudi nyuma. Padre asomaye Maandiko kwa Kigiriki hajui kama ameyaelewa mpaka ajaribu kuyasema kwa watu wake kwa lugha yao. Hapo ndipo ajuapo ni fungu gani alilipita tu kwa macho. Mwalimu wa hisabati naye ni hivyo hivyo.

Wengine watasema, Basi achague kitabu kingine. Kiko, kwa mfano, kitabu cha Mary L. Boas, aliyefundisha fizikia katika chuo kikuu cha DePaul, Chicago. Chaitwa Mathematical Methods in the Physical Sciences, kilitoka kwanza mwaka 1966, na chapa ya 3 mwaka 2005. Kwa mwanafunzi wa fizikia ni kitabu cha kupendeza, kwa sababu mwandishi huonyesha kila mara hesabu hii yahitajiwa wapi, naye husema na msomaji kwa sentensi nzima. Lakini hudhani kwamba msomaji amekwisha kusoma misingi ya kalkulasi kwa mwaka mzima na kuishika vizuri, wala hamshiki mkono hatua kwa hatua. Aliye na mwalimu na wenzake wa kuzungumza nao atafaidika na Boas zaidi. Aliye peke yake usiku, ambaye misingi yake ina mashimo, atazama katika sura za kwanza. Kwa mtu huyo bado Stroud ni bora, hasa katika chapa za karibu, ambazo zimeongezewa masomo ya misingi mwanzoni.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Kitabu cha Stroud ni mwalimu mwema wa mkono, mpole na mwaminifu, nacho chafaa kuwa mezani mwa mwanafunzi wa sayansi asiye na mwalimu. Lakini kimeacha nusu ya kazi, na kwa msomaji wetu nusu hiyo ndiyo ngumu. Yampasa msomaji aifanye mwenyewe, na waalimu wamfundishe namna ya kuifanya.

Namna hiyo nitaitaja kwa maneno machache, kwa kuwa kijana wetu ameijaribu kwa miezi kadhaa. Kwanza, funika kifungu kifuatacho kwa kipande cha karatasi, na ukishindwa, toa mji. Yaani andika katika daftari, kwa Kiswahili, neno ambalo umeshindwa hapo, ndipo ufunue. Daftari la miji iliyotolewa litakuonyesha udhaifu wako kuliko mtihani wowote. Pili, mwisho wa kila somo, kabla ya jaribio, andika sentensi tano za Kiswahili zisizo na alama hata moja, ukieleza somo hilo ni la nini. Tatu, tafuta kitu kimoja katika uani au mtaa wako ambacho somo hilo lakieleza, kisha mwulize mtu akijuaye kitu hicho kwa mikono yake, ukasikilize anatumia maneno gani. Maneno hayo yaandike, maana mengine hayamo katika kamusi zetu bado.

Nilipopita Tandika mara ya mwisho, kijana alinionyesha daftari lake la miji. Ilikuwa mingi, akaona haya kidogo. Lakini chini ya somo la milinganyo ya mabadiliko alikuwa ameandika neno la yule mama, churuzika, na mbele yake mlinganyo, na mbele ya mlinganyo tarakimu alizopima mwenyewe kwa ndoo na saa ya mkononi. Tarakimu hazikulingana kabisa na za kanuni, kwa sababu koki ile ni mbovu na pipa limebonyea. Akanieleza sababu hizo zote mbili kwa Kiswahili, moja baada ya moja, bila ya kutazama kitabu.

Waalimu walio na maneno ya Kiswahili ya mambo haya, yatumiwayo katika ufundi, uvuvi, ushonaji au biashara huko waliko, na wayalete kwetu, pamoja na maelezo ya namna yatumiwavyo, ili yawafae na wengine.